Ombi la Fao la Ulemavu Likikataliwa: Mwongozo kwa Mfanyakazi Mwenye Maradhi ya Moyo

Utangulizi

Barua ya kukataliwa fao la ulemavu huwa fupi. Mfanyakazi aliyetoka Nanganga hadi Mtwara mara kadhaa kufuatilia ombi lake, akapimwa na kusubiri kwa miezi, hupokea aya mbili zinazosema kwamba hakukidhi vigezo. Wengi huikunja barua hiyo na kuiweka sandukuni wakiamini kwamba jambo limekwisha.

Halijaisha. Uamuzi wa Mfuko wa hifadhi ya jamii ni uamuzi wa kiutawala, na sheria inampa mwanachama asiyeridhika haki ya kuomba uangaliwe upya na, ikibidi, kuupeleka ngazi ya juu. Makala haya yanaeleza namna ya kuitumia haki hiyo. Yamewalenga hasa wenye maradhi ya moyo kwa sababu ulemavu wao hauonekani kwa macho. Aliyepoteza mkono kwenye mashine haulizwi sana maswali. Mwenye moyo uliodhoofika huingia ofisini kwa miguu yake, akiwa nadhifu, akajibu salamu na maswali vizuri, na aliye mbele yake akamwona mzima.

Msomaji akumbuke mambo mawili. La kwanza, fao la ulemavu halilipwi kwa sababu ya jina la ugonjwa. Hulipwa kwa sababu ya uwezo wa kufanya kazi uliopotea. La pili, rufaa inayofaulu ni ile inayojibu sababu iliyoandikwa kwenye barua. Malalamiko ya jumla, hata yawe ya kweli, hayaijibu sababu hiyo.

Tambua kwanza ni fao lipi uliloomba

Tuchukue mfano wa mlinzi wa ghala la korosho katika njia panda ya Nanganga. Ni askari mstaafu mwenye umri wa miaka 54, aliyeajiriwa na kampuni binafsi ya ulinzi kwa miaka minne. Msimu wa minada unapofika, kuanzia mwezi Oktoba, ghala hujaa magunia na zamu za usiku huongezeka. Siku moja anaishiwa pumzi akizunguka uzio, miguu inavimba, na hospitalini anaambiwa kwamba moyo wake umeshindwa kusukuma damu kama inavyotakiwa. Mtu huyu anaweza kuhusika na utaratibu zaidi ya mmoja, na kila utaratibu una masharti yake.

Mafao yanayotokana na utumishi wake wa jeshini yana sheria na ofisi zake. Ikiwa ugonjwa au jeraha lilianza akiwa bado jeshini, madai hayo yanapitia mamlaka za jeshi na za malipo ya pensheni yake. Hayapitii kwenye mfuko ambao kampuni ya ulinzi huuchangia.

Kwa kazi yake ya sasa, yeye ni mfanyakazi wa sekta binafsi kama wengine. Mwajiri anapaswa kumsajili katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), ambako michango ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu inayokatwa kwa mfanyakazi haipaswi kuzidi asilimia 10. Mwajiri huyohuyo anapaswa pia kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza mwaka 2015 chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Mchango wa WCF hulipwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata shilingi moja.

Mwalimu, muuguzi au mtumishi mwingine wa umma yumo katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), ulioanzishwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Yeye pia analindwa na WCF kwa ajali na magonjwa yatokanayo na kazi.

Tofauti kubwa ni hii. NSSF na PSSSF huangalia kama umepoteza uwezo wa kufanya kazi, bila kujali kama chanzo ni kazi au si kazi. WCF huangalia kama ugonjwa au ajali imetokana na kazi. Ombi lililokataliwa WCF linaweza kuwa na haki kamili NSSF. Watu wamekosa haki zao kwa kubisha kwa miaka kwenye mlango usio wao.

Masharti ya NSSF kwa ufupi

Anayeomba pensheni ya ulemavu NSSF anatakiwa awe hajafikisha umri wa miaka 60, awe amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kufanya kazi kwa sababu ya ulemavu wa kudumu wa mwili au akili, na hali hiyo ithibitishwe na bodi ya madaktari. Kwa upande wa michango, awe amechangia miezi isiyopungua 180; au asipofikia hapo, awe na angalau miezi 36, ambayo 12 kati yake ni ya kipindi cha kabla tu ya kupata ulemavu.

Sharti hilo la mwisho linahitaji kusomwa kwa makini. Miezi 12 huhesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ulemavu ulipoanza. Mlinzi wetu akiacha kazi kwa sababu ya moyo, akakaa nyumbani mwaka mmoja na nusu akitumia dawa, kisha akaenda kupimwa, daktari anaweza kuandika tarehe ya siku ya kipimo kana kwamba ndiyo siku ulemavu ulipoanza. Michango yake ya miezi 12 ya mwisho itaonekana haipo, naye atakataliwa. Taarifa ya daktari ikieleza, kwa kutumia kumbukumbu za hospitali, kwamba uwezo wake ulipotea tangu alipolazwa mara ya kwanza akiwa bado kazini, hesabu hubadilika. Tarehe moja inaweza kuamua ombi zima.

Masharti ya WCF na ugumu wa moyo

WCF hulipa matibabu, fidia ya ulemavu wa muda, fidia ya ulemavu wa kudumu, huduma za utengemao, malipo kwa anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia. Usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Hivyo mtu anaweza kukubaliwa na bado akawa na sababu ya kukata rufaa, ikiwa anaamini asilimia aliyopewa ni ndogo kuliko hali yake.

Ugumu uko kwenye chanzo. Shinikizo la juu la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, homa ya baridi yabisi ya utotoni iliyoharibu vali, na mambo ya kurithi huweza kuudhuru moyo wa mtu yeyote, awe mlinzi au mkulima. Kushikwa na moyo ukiwa kazini si sawa na kushikwa na moyo kwa sababu ya kazi. Anayedai WCF anatakiwa aonyeshe kitu mahususi katika kazi: ajali, mshtuko wa umeme, kemikali au moshi aliouvuta katika chumba kisicho na hewa, au kazi nzito isiyo ya kawaida iliyotangulia tukio lenyewe. Daktari naye aeleze kwa maandishi uhusiano kati ya kitu hicho na madhara ya moyo. Usipokuwa na ushahidi wa namna hiyo, ni busara kuelekeza nguvu kwenye fao la ulemavu la mfuko wako wa pensheni.

Soma barua na uitafute sababu

Barua ya kukataliwa ina mambo matatu ya kuyatafuta: tarehe, sababu, na maelekezo ya hatua inayofuata. Andika juu ya barua siku uliyoipokea, kwa kuwa muda wa kuomba mapitio au kukata rufaa una ukomo. Ikiwa sababu haikuandikwa wazi, peleka barua fupi kuomba ielezwe kwa maandishi, na uombe pia nakala ya taarifa ya bodi ya madaktari. Huwezi kujibu usichokijua.

Sababu zinazojitokeza kwa kawaida ni tano.

1. Kiwango cha ulemavu hakikufikia kinachotakiwa. Bodi imekubali kwamba unaumwa, lakini imeona bado unaweza kufanya kazi. Jibu lake ni ushahidi wa uwezo wa mwili, unaoelezwa katika sehemu inayofuata.

2. Hali si ya kudumu. Pengine unasubiri upasuaji wa vali au kuzibuliwa mshipa, na bodi imeona unaweza kupata nafuu. Jibu lake ni taarifa ya daktari bingwa kuhusu matarajio yako baada ya matibabu. Ikiwa matibabu yamekamilika na nafuu haikupatikana, hilo liandikwe pamoja na tarehe.

3. Michango haitoshi au haionekani. Omba taarifa ya michango yako na uilinganishe, mwezi kwa mwezi, na hati zako za mshahara. Mwezi uliokatwa mshahara bila mchango kufikishwa kwenye Mfuko ni kosa la mwajiri. Wasilisha mkataba, hati za mshahara na taarifa za benki, na uombe Mfuko umfuatilie mwajiri.

4. Ugonjwa haukutokana na kazi. Hii ni sababu ya WCF. Jibu lake ni ushahidi wa chanzo, kama ilivyoelezwa hapo juu.

5. Nyaraka zina kasoro. Jina katika kitambulisho cha Taifa linatofautiana na la kadi ya uanachama, tarehe ya kuzaliwa si moja, au fomu haikugongwa muhuri. Hizi ndizo rahisi kurekebisha, kwa hati ya kiapo au kwa kurudisha fomu kwa aliyepaswa kuisaini. Usiandike rufaa ndefu ya kitabibu kwa kosa la herufi mbili.

Kuonyesha usichoweza kukifanya

Hapa ndipo rufaa nyingi za wagonjwa wa moyo hushinda au hushindwa. Cheti kinachosema tu kwamba mgonjwa ana shinikizo la damu na moyo kushindwa kufanya kazi kinaitaja maradhi. Hakisemi kama mgonjwa anaweza kutembea mita mia moja, kupanda ngazi, kubeba ndoo ya maji au kusimama zamu ya saa kumi na mbili. Wapo wenye maradhi ya jina hilohilo wanaofanya kazi za ofisini kila siku, na wapo wasioweza kufunga kamba za viatu bila kupumzika. Bodi inahitaji kujua wewe uko upande gani.

Madaktari wana lugha ya kueleza jambo hili. Mpangilio unaotumika sana duniani, uliotokana na Chama cha Moyo cha New York, una madaraja manne. Daraja la kwanza ni mgonjwa asiyezuiwa na shughuli za kawaida. La pili ni anayepata uchovu au kukosa pumzi kwa shughuli za kawaida, lakini akipumzika yuko salama. La tatu ni anayezidiwa hata kwa shughuli ndogo kuliko za kawaida. La nne ni anayekosa pumzi hata akiwa amekaa au amelala. Muombe daktari aandike daraja lako na tarehe aliyolipima.

Vipimo viwili huwa na uzito mkubwa. Cha kwanza ni kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, ambacho wagonjwa hukiita eko. Huonyesha hali ya vali na kuta za moyo, pamoja na asilimia ya damu ambayo moyo husukuma nje kwa kila pigo. Cha pili ni kipimo cha moyo ukiwa kazini, ambapo mgonjwa hutembea kwenye mashine huku akifuatiliwa. Kwa asiyeweza kipimo hicho kwa usalama, daktari aandike kwamba hakiwezekani na kwa nini. Kutowezekana kwake nako ni ushahidi. Kipimo cha umeme wa moyo na picha ya kifua huongezea nguvu. Husaidia pia kutenganisha moyo na mapafu, kwani kukosa pumzi kuna vyanzo vingi, hasa kwa watu waliokaa miaka mingi katika vumbi la salfa inayopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga.

Mkazi wa Nanganga anaweza kuanzia hospitali ya Ndanda au ya Mkomaindo mjini Masasi, na anayetoka Newala akaanzia hospitali ya wilaya yake. Akihitaji uchunguzi wa juu zaidi, hupewa rufaa ya matibabu kwenda Mtwara au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) iliyopo Dar es Salaam. Madaktari wa taasisi hiyo hufanya pia huduma za tiba mkoba mikoani, hivyo ulizia hospitalini ratiba yao kabla ya kulipa nauli ya safari ndefu.

Mfano kutoka nje unaonyesha uzito wa jambo hili. Nchini Marekani, askari wastaafu wenye maradhi ya moyo yaliyotokana na utumishi hupimwa kwa kipimo cha nguvu ya mwili kiitwacho MET. MET moja ni nguvu anayotumia mtu aliyetulia. Anayeishiwa pumzi kwa shughuli isiyozidi MET 3, yaani kama kutembea polepole, huhesabiwa kuwa na ulemavu wa asilimia 100. Kati ya MET 3.1 na 5 hupewa asilimia 60. Kati ya 5.1 na 7 hupewa 30. Na kati ya 7.1 na 10 hupewa 10. Anayekataliwa huchagua kati ya kuleta ushahidi mpya, kuomba ofisa wa ngazi ya juu aangalie upya, au kwenda kwenye bodi ya rufaa. Viwango hivyo si sheria ya Tanzania, wala usivitaje kana kwamba ni sheria yetu. Funzo lake ni kwamba hata huko jina la ugonjwa peke yake halitoshi.

Pamoja na taarifa ya daktari, andaa vitu vitatu ambavyo havihitaji hospitali.

Kwanza, maelezo ya kazi yako. Andika, au mwajiri aandike, kazi hiyo inahitaji nini: kutembea umbali gani, kubeba kilo ngapi, kusimama saa ngapi, mchana au usiku. Daktari akisoma kwamba mlinzi huzunguka uzio kila nusu saa usiku kucha, taarifa yake itakuwa na maana zaidi.

Pili, daftari la siku. Kwa wiki nne, andika kila siku ulichojaribu kufanya na kilichotokea: ulisimama mara ngapi ukienda msikitini au kanisani, unalala na mito mingapi, ni nani aliyekuchotea maji. Andika ukweli pamoja na siku nzuri. Daftari lisilo na siku nzuri hata moja huleta shaka.

Tatu, maelezo ya mashahidi. Msimamizi aliyekuhamisha kutoka zamu ya usiku, au mwenzako aliyekubeba siku uliyoanguka, aandike alichokiona, aweke tarehe na saini.

Ukiitwa tena mbele ya bodi, usijikaze. Adabu zetu hutufundisha kujibu kwamba hatujambo na kwamba tunamshukuru Mungu. Mbele ya bodi, jibu la adabu linaweza kuandikwa kama jibu la kitabibu. Ukiulizwa kama unaweza kupanda ngazi, eleza unapanda ngapi, unapumzika mara ngapi, na baada ya hapo unakuwaje.

Ngazi za kufuata

Anza na Mfuko wenyewe. Andika kwa Mkurugenzi Mkuu kupitia ofisi ya mkoa, ukiomba mapitio ya uamuzi na kuambatanisha ushahidi mpya. Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Asiye na muhuri wa kupokelewa hana namna ya kuthibitisha kwamba aliwahi.

Usiporidhika, uamuzi wa WCF unaweza kupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na baada ya hapo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Kwa mifuko ya pensheni, uliza kwa maandishi ngazi inayofuata ndani ya Mfuko na muda wake. Malalamiko ya kutohudumiwa au kutojibiwa yanaweza kupelekwa pia kwa wizara yenye dhamana ya hifadhi ya jamii, ambayo ilichukua jukumu la usimamizi wa sekta baada ya kufutwa kwa Mamlaka ya SSRA. Mkazi wa Zanzibar afuate utaratibu wa mfuko wa huko, ZSSF.

Kwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa huduma na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kukuelekeza kwao, na chama chako cha wafanyakazi pia kina wajibu wa kukusaidia.

Mfano wa barua

Barua isizidi ukurasa mmoja, ukiacha viambatanisho. Inaweza kuandikwa hivi:

"Mkurugenzi Mkuu,
Yah: Ombi la mapitio ya uamuzi kuhusu fao la ulemavu. Namba ya uanachama: …… Kumb. ya barua yenu: …… ya tarehe ……

Nilipokea barua yenu tarehe …… Sababu iliyotolewa ni kwamba sikupoteza theluthi mbili ya uwezo wa kufanya kazi. Siridhiki na uamuzi huo kwa sababu zifuatazo.

Moja: taarifa ya daktari bingwa ya tarehe …… inaonyesha kwamba hali ya moyo wangu ni ya daraja la tatu, na haitarajiwi kubadilika baada ya matibabu yaliyokamilika tarehe ……
Mbili: kazi yangu ya ulinzi inahitaji kutembea na kusimama kwa saa 12, kama yanavyoeleza maelezo ya kazi yaliyosainiwa na mwajiri.
Tatu: nilishindwa kufanya kazi hiyo tangu tarehe ……, kama zinavyoonyesha kumbukumbu za hospitali na maelezo ya msimamizi wangu.

Naomba uamuzi uangaliwe upya na, ikihitajika, niitwe tena mbele ya bodi ya madaktari. Viambatanisho vipo …… Wako katika ujenzi wa Taifa, ……"

Angalia kwamba barua hii hailaumu mtu, haisimulii maisha yote ya mwandishi, na kila hoja ina karatasi nyuma yake.

Wakati unasubiri

Usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu ya ugonjwa kabla ya kupata ushauri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Katika kipindi hicho bado wewe ni mwajiriwa. Ukiacha kazi mwenyewe, unaukata mnyororo huo kwa mkono wako.

Mwajiri naye haruhusiwi kukufukuza siku anaposikia habari za moyo wako. Anatakiwa kuchunguza ukubwa wa tatizo, kukusikiliza, na kuangalia kama ipo kazi nyepesi unayoweza kupewa. Ukiachishwa bila utaratibu huo, una siku 30 tangu kuachishwa kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Madai ya CMA na rufaa ya fao ni mambo mawili tofauti. Moja halisimamishi siku za lingine.

Endelea na kliniki na dawa. Mgonjwa aliyeacha matibabu anadhoofisha afya yake na rufaa yake kwa pamoja, kwa kuwa bodi itauliza kama hali hiyo ingekuwa bora angetumia dawa.

Jihadhari na vishoka wanaodai kumjua mtu ndani ya Mfuko na kuomba asilimia ya fao. Kuomba mapitio hakuhitaji kumlipa mtu yeyote. Cheti cha kughushi kikigundulika huharibu hata haki iliyokuwa ya kweli, na ni kosa la jinai.

Ikiwa uamuzi ulikuwa sahihi

Si kila rufaa itafaulu. Yupo ambaye bado anaweza kufanya kazi nyingine, na yupo ambaye michango yake kweli haifiki. Huyo asirudi nyumbani mikono mitupu kabla ya kuuliza maswali mawili: je, lipo fao lingine au malipo ya mkupuo ninayostahili kwa michango niliyonayo? Na je, hali yangu ikizidi kuwa mbaya, naweza kuomba tena? Majibu yaandikwe. Ugonjwa wa moyo hubadilika, na aliyekuwa daraja la pili mwaka huu anaweza kuwa la tatu mwaka ujao. Kipimo cha zamani kilichotunzwa ndicho kitakachoonyesha mabadiliko hayo.

Hitimisho

Mlinzi wa Nanganga hatapewa haki yake kwa sababu aliwahi kulitumikia Taifa, wala hatanyimwa kwa sababu anaweza kuingia ofisini kwa miguu. Atapimwa kwa kilichoandikwa. Hivyo leo, kabla ya kitu kingine, toa barua ulikoiweka, soma sababu yake mara mbili, andika tarehe uliyoipokea, na uulize kliniki ni siku gani daktari anaweza kukuandikia taarifa inayojibu sababu hiyo.